Je, udongo laini hupunguza tetemeko?

Wengi huamini udongo laini hufyonza tetemeko kama godoro. Kweli, hufyonza kiasi mitikisiko ya haraka haraka. Ile ya polepole huikuza, maana wimbi likitoka mwambani kuingia udongoni hupungua mwendo na kuongezeka kimo. Mwaka 1985 kitovu cha tetemeko kilikuwa zaidi ya kilomita 300 kutoka Mexico City, lakini majengo mengi yaliyosimama juu ya tope la ziwa la kale yaliporomoka.

Kokotoa mwenyewe mdundo wa udongo, yaani muda wa mtikiso mmoja ambao udongo huukuza zaidi: unene wa tabaka mara 4, gawa kwa kasi ya mawimbi ya mkato (yanayotikisa udongo kando kando). Mita 40, kwa kasi ya mita 80 kwa sekunde, hutoa mdundo wa sekunde 2. Ukiiga tetemeko kwenye kompyuta, angalia gridi (nukta ambapo kompyuta hukokotoa mtikiso): wimbi la hezi 1 (mtikiso mmoja kwa sekunde) hapo lina urefu wa mita 80, hivyo weka nukta kila mita 8, yaani 10 kwa kila wimbi. Ukiweka kila mita 40, utaona viwimbi vya uongo vikiburura mkia nyuma ya wimbi halisi.