Wayaringi huchomolewa, haing'olewi

Jumamosi iliyopita kijana wa jirani, hapa Umoja, aliegesha pikipiki yake ya Boxer chini ya ngazi za ploti akaanza kuitenganisha mwenyewe, ili fremu iende kupakwa rangi. Mwenzake aliyekuja kumsaidia akamwambia, "Ng'oa waya zote kwanza, halafu tushushe injini." Maneno hayo nimeyasikia Grogan, nimeyasikia Kirinyaga Road, kwenye magereji ya Nairobi, tena kwa mafundi wanaoijua kazi kunishinda. Naomba leo tuyazungumze.

Wayaringi ya pikipiki ni nyaya zake zote zikiwa zimefungwa pamoja kwa tepu, zikawa kitu kimoja chenye shina na matawi. Shina hutoka kwenye taa ya mbele, likapita chini ya tangi hadi taa ya breki. Matawi huenda kwenye betri, swichi ya ufunguo, koili ya cheche, CDI (kisanduku kinachopanga wakati wa cheche), rektifaya (inayogeuza umeme uweze kuchaji betri) na magneto (inayozalisha umeme kwenye injini), na karibu kila tawi huishia kwenye soketi. Basi, ni hivyo tu.

Nadhani nyumba ndiyo iliyotuchanganya. Fundi wa stima akisema anafanya wayaringi, anataja kazi: kupitisha nyaya ukutani, moja baada ya nyingine. Kwa Kiingereza neno hilo hutaja kazi na pia kitu, nasi tukalipokea na maana zake zote mbili. Lakini nyaya za nyumba zimezikwa ndani ya ukuta. Wayaringi ya pikipiki haikuzikwa. Kiwandani hutengenezwa kando, mezani, ikiwa nzima, ndipo ikalazwa juu ya fremu. Kitu kilicholazwa huinuliwa.

Sasa kitenzi, na hapa ndipo panaponiuma. Kung'oa ni kwa kisiki, muhogo, msumari na jino. Tunasema dawa ya jino bovu ni kung'oa kwa sababu hatutarajii kulirudisha. Kuchomoa ni jambo jingine. Mzizi wake ni choma, ile ya mwiba, wala si ya nyama. Mwiba ukikuchoma, unauchomoa. Ile -oa ya mwisho inageuza tendo, kama -ua inavyogeuza funga ikawa fungua, na ziba ikawa zibua. Kwa hiyo anayechomoa anarudi kwa njia ileile kitu kilikoingilia. Upanga huchomolewa alani, ukarudi alani. Soketi nayo iliingizwa ikalia "ta", na pembeni ina kilimi. Kibonyeze kilimi, shika plastiki yenyewe, usishike nyaya, kisha vuta. Soketi zikiwa zimekauka kwa joto la injini, zitikise kidogo kidogo. Hazihitaji nguvu, zinahitaji subira.

Anayeng'oa hubaki na nyaya mkononi na soketi mahali pake. Kisha huunga kwa kusokota na tepu nyeusi, mvua ya Aprili ikaingia, shaba ikaota kutu ya kijani, na taa zikaanza kufifia bila sababu inayoonekana. Rangi nazo zinapotea. Kwenye Honda waya wa athi (ule wa hasi, unaoungwa na fremu) ni wa kijani, kwenye Yamaha ni mweusi. Ukiunga kipande cha rangi yoyote uliyookota, fundi wa kesho atasoma uongo.

Injini imeingia hapa kwa sababu yenyewe na wayaringi vimeshikana. Kuna nyaya za magneto, waya wa swichi ya nyutro (inayoonyesha kuwa gia haijaingia), na ule mnene unaotoka kwenye koili kwenda kwenye plagi ya injini. Watu hufungua bolti za injini kwanza, ikashuka na uzito wake ukaning'inia kwenye nyaya nyembamba. Anza na betri, tena upande wa hasi, kwa kuwa fremu imeunganishwa na hasi: ukianza na chanya, spana ikigusa fremu itatoa cheche. Kisha chomoa soketi zote za injini, moja baada ya nyingine, ukizipiga picha na kuzibandika vikaratasi. Tangi likishatoka, shina lote linaonekana, na unaweza kuliinua zima ukalitundika ukutani. Bolti za injini zifuate baadaye. Kushusha injini ni neno sahihi, silipingi.

Kijana aliniuliza, "Mzee, si ni kitu kimoja tu, kung'oa na kuchomoa?" Nikamwonyesha soketi ya taa ya nyuma, akabonyeza kilimi, ikatoka bila kelele. Kwa hiyo ukimwita mwenzako akusaidie, mwambie, "Njoo tuchomoe wayaringi." Akija ameshika koleo, mwambie kwa upole airudishe kwenye kisanduku, kwa kazi hii vidole vinatosha.