Kwa nini kompyuta inangoja Waifai ndiyo iwake

Umeme ukikatika na kurudi, kwenye duka la steshenari pale Chake Chake watu wanabaki wamesimama na karatasi zao za kutoa kopi, kompyuta ya Ubuntu (aina ya mfumo wa Linux) inazungusha nembo tu. Fundi akiulizwa atasema diski imechoka. Inawezekana. Lakini kabla ya kununua diski, tazama Waifai.

Kerneli, yaani kiini cha mfumo, ikiitambua kadi ya Waifai hupakia draiva yake, programu ya kuiwezesha kompyuta kuitumia kadi hiyo. Draiva nayo hutafuta kwenye diski famuweya, yaani programu ndogo inayoendesha chipu ya kadi yenyewe, na kuipeleka ndani ya kadi. Hiyo ni kazi ya sekunde chache. Faili hilo likikosekana, kerneli za zamani ziliweza kukaa sekunde 60 zikilingoja. Hali ilikuwa hiyo hiyo kama draiva imejengwa ndani ya kerneli ikaamka kabla diski haijafunguliwa. Dawa ni kuweka kifurushi cha famuweya, au kuifanya draiva iwe moduli, yaani kipande cha pembeni cha kupakiwa baadaye.

Siku hizi, hata hivyo, draiva husingiziwa tu. Anayekawiza khasa ni huduma inayoitwa NetworkManager-wait-online, ambayo kazi yake ni kusubiri mtandao upatikane. Huweza kungoja hadi sekunde 60. Mwenzake, kwenye kompyuta ambazo mtandao unasimamiwa na programu ya systemd-networkd, hungoja hadi 120. Ni kama harusi ambayo wali umeshaiva na wageni wameketi, ila sahani hazitoki mpaka afike mtu mmoja aliyekosa boti. Na umeme ukirudi, ruta nayo ndiyo kwanza inaamka: jina la Waifai linaonekana, lakini anwani bado haigawi. Kompyuta inangoja kitu ambacho nacho kinangoja.

Fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, uandike:

systemd-analyze blame

Utaona kila huduma na muda iliotumia, nzito juu. Hapa wengi hukimbilia kuzima ya kwanza, na mimi siwaungi mkono: huduma nyingi huenda sambamba, kwa hiyo iliyotumia sekunde 40 huenda haikumchelewesha mtu. Endelea na:

systemd-analyze critical-chain

Hii inaonyesha nani alimngoja nani. Ukiikuta wait-online kwenye mnyororo huo, izime:

sudo systemctl disable NetworkManager-wait-online.service

Waifai haifi kwa hilo. Itaunganika yenyewe wakati wewe umeshaanza kuchapa.

Asiyefaa kuizima ni mwenye kompyuta inayofungua folda ya sava mara tu inapowaka, kama kwenye ofisi au maabara ya chuo. Folda itatafutwa kabla mtandao haujafika, na itakosekana. Huyo aiache huduma, au kwenye faili la fstab, lenye orodha ya diski na folda za kufunguliwa, aongeze x-systemd.automount kwenye mstari wa folda hiyo, ili ifunguliwe pale mtu anapoigusa.