Redio ya intaneti inayokufuata ni nini?

Neno "ubinafsishaji", linalotumiwa kumaanisha kukirekebisha kitu kimfae mtu mmoja ("personalization" kwa Kiingereza), lina mkosi wake. Mkenya akilisikia, anawaza mashirika ya umma yanayouzwa. Kwa hivyo hapa tutasema redio inayokufuata: huduma ya intaneti inayokupigia nyimbo mfululizo bila mtangazaji, na inayobadilisha mpangilio kadiri unavyoonyesha unachokipenda na unachokichukia.

Si sawa na stesheni ya FM inayorusha matangazo yake pia mtandaoni. Ukifungua Radio Taifa ya KBC kwenye simu, wewe uliye Kayole na mwenzako aliye Kilimani mnasikia kipindi kimoja. Redio inayokufuata humpa kila mtu mkondo wake. Majirani wawili wanaotenganishwa na ukuta wanaweza kuanza na msanii mmoja, na baada ya nusu saa kila mmoja yuko kwake.

Huyo msanii wa kuanzia ndiye mbegu. Ukitaja bendi ya Les Wanyika, programu inatafuta nyimbo zilizo karibu nao, na ukaribu huo hupimwa kwa njia mbili. Pandora, redio ya aina hii ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 2000, iliajiri wanamuziki wasikilize wimbo mmoja mmoja na kuupa alama kwa sifa zinazofikia 450 hivi: mwendo, sauti ya mwimbaji, upigaji wa gitaa na kadhalika. Njia ya pili haijali wimbo unasikika vipi. Inaangalia watu: waliopenda huu walipenda na upi mwingine?

Njia hiyo ya pili ndiyo hukwama kwenye muziki wetu. Benga ya zamani yenye wasikilizaji wachache mtandaoni haijaacha nyayo za kutosha, basi mashine hukimbilia vibao vya mwaka huu na kukuacha ukijiuliza vimetoka wapi. Usiipe mbegu moja. Ipe wasanii watatu au wanne wa mtindo uleule, kisha kwa siku chache za mwanzo bonyeza alama ya kupenda au kukataa bila uvivu. Kuruka wimbo mapema nako huhesabiwa kama kura, hata kama uliuruka kwa sababu tu mgeni alibisha hodi. Na watoto wakiishika simu Jumamosi nzima, Jumatatu utapigiwa nyimbo za katuni. Wafungulie akaunti yao.

Pandora yenyewe haifunguki ukiwa Nairobi, kwa kuwa haki za muziki hutolewa nchi kwa nchi. Spotify, huduma nyingine ya muziki mtandaoni, iliingia Kenya Februari 2021 na ina ngazi ya bure.

Sasa hiyo bure. Unalipa kwa kusikiliza matangazo na kuwekewa mipaka, kwa mfano ya idadi ya nyimbo unazoweza kuruka. Halafu kuna bando. Mkondo wa kilobiti 96 kwa sekunde ni kilobaiti 12 kila sekunde, yaani takriban MB 43 kwa saa. Saa nne kila siku kwa siku 30 ni zaidi ya GB 5. Kwenye waifai ya nyumbani hilo si kitu, lakini kwa bando la siku linauma. Ingia kwenye mipangilio, tafuta ubora wa sauti, na uweke wa chini unapotumia data ya simu. Kwa kilobiti 24 saa nzima inakula kama MB 11, ingawa gitaa litasikika kama linapigwa ndani ya debe. Epuka kuacha video ikijiendesha ili usikilize sauti tu, maana picha hula data mara nyingi zaidi ya wimbo.

Muziki ukikatika kila skrini inapozima, usilaumu mtandao kwanza. Simu nyingi za Android huua programu zinazoendelea nyuma ili kuokoa chaji. Fungua mipangilio ya betri, chagua programu hiyo, uiondolee kizuizi.

Spika ya Bluetooth ikikwaruza, angalia ilipo. Bluetooth na waifai nyingi hutumia masafa yaleyale ya GHz 2.4, na kuta za mawe hufupisha ile mita 10 inayoandikwa kwenye boksi. Hamisha simu kwenye waifai ya GHz 5 kama ruta yako inayo, au isogeze chumba kimoja na spika. Na kama sabufa yako ina tundu la aux na simu yako bado ina la iafoni, waya mfupi unamaliza kesi yote.