Dondoo la Mmea Likiua Bakteria Maabara, Je, Litamtibu Ng'ombe?

Mwarobaini, kitunguu saumu na shubiri hupimwa mara nyingi dhidi ya bakteria wa mifugo, hasa Staphylococcus aureus, msababishi mkubwa wa ugonjwa wa kiwele, na aina za Escherichia coli zinazoharisha ndama. Vipimo vingi huharibika mapema, kwenye utayarishaji.

Majani hukaushwa kivulini na kusagwa. Gramu 100 za unga hulowekwa kwa saa 72 katika lita 1 ya ethanoli ya asilimia 70, huku zikitikiswa. Zikishachujwa, ethanoli huvukizwa kwa joto lisilozidi nyuzi 40 za Sentigredi, na kinachobaki ndicho dondoo. Kitunguu saumu hakifuati njia hii: alisini, kemikali yake kuu, huundwa punje mbichi zinapopondwa. Ukizichemsha kwanza, kimeng'enya (protini inayochochea mabadiliko ya kemikali) kinachoiunda huharibika na sehemu kubwa ya nguvu hupotea.

Bakteria hupimwa wingi kwa kulinganisha ukungu wa kimiminika chao na kipimo cha McFarland 0.5, yaani takriban milioni 150 kwa mililita, kisha hupakwa kwenye agari ya Mueller-Hinton (jeli ya kuoteshea bakteria) yenye kina cha milimita 4, na dondoo huwekwa juu yake; likifanya kazi, huzungukwa na duara lisilo na bakteria. Kina kikizidi, duara hilo husinyaa, kikipungua, hutanuka. Kiyeyusho, yaani kimiminika kilichotumika kuloweka au kuyeyusha dondoo, nacho kipimwe peke yake, kwa kuwa mabaki ya ethanoli huua bakteria na sifa ikaenda kwa mmea.

Duara kubwa si lazima liwe dalili ya dawa kali. Kemikali zenye asili ya mafuta husambaa kwa shida kwenye agari, hivyo dondoo zuri huweza kuonekana dhaifu. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kiwango cha chini kabisa kinachozuia bakteria kukua: dondoo hupunguzwa nusu kwa nusu ndani ya mchuzi wa kuoteshea bakteria. Likizuia chini ya mikrogramu 100 kwa mililita, linastahili kuendelezwa. Likihitaji zaidi ya miligramu 1, ni dhaifu. E. coli, wenye utando wa nje, mara nyingi huhitaji kiwango kikubwa zaidi.

Hata hapo bado hatujafika kwenye kiwele. Mafuta na protini za maziwa hunasa kemikali nyingi, na dondoo lililoshinda maabara likalegea. Tafadhali, usiingize maji ya majani kwenye tundu la chuchu: hubeba fangasi, na kiwele kilichoshikwa na fangasi hakiponi kwa antibiotiki. Maziwa yakitoka mabonge, kamua chuchu hiyo mwisho, kwenye chombo chake, na daktari wa mifugo achukue sampuli kabla ya dawa yoyote.