Urefu wa mlima haupimi mvua

Vijiweni Ngamiani, mjini Tanga, utaambiwa mlima huvuta mvua, na kadiri unavyopanda ndivyo inavyozidi. Kuna chembe ya ukweli, ila mlima hauvuti kitu. Upepo kutoka Bahari ya Hindi huja na unyevu. Ukikutana na milima ya Usambara hulazimika kupanda, hewa ikapoa, mvuke ukawa matone. Basi ulizia kwanza mteremko unatazama wapi, ndipo uulize kimo. Amani, upande wa mashariki wa Usambara kwenye mita 900 hivi, hupata mvua nyingi kuliko Lushoto iliyo karibu mita 1,400, kwa sababu Amani ndiyo inayoupokea upepo wa bahari mwanzo. Nyuma ya milima, kuelekea Mkomazi, hewa imeshamwaga maji yake na inashuka ikizidi joto. Huko ni migunga na vumbi, tena mlima uko palepale pembeni!

Yemen, walikotoka wazee wa Washihiri wetu, ni nchi kavu na mambo ni hayohayo. Mji wa Sanaa uko juu kuliko mji wa Ibb, lakini Ibb ndiyo yenye mvua nyingi, maana miteremko yake hukutana na pepo zenye unyevu zitokazo kusini-magharibi.