Mrija ule si shimo

Nimetumiwa picha nyingine, na chini yake maneno yale yale: anemoni aliyejichimbia shimo kwenye tope. Tafadhali tuelewane. Yule si anemoni bali seriantaria, mnyama laini wa baharini anayefanana naye, na alimokaa si shimo bali mrija aliojifumia.

La kwanza nalipita haraka. Anemoni wa kweli kwa kawaida ana kitako cha kujigandishia mwambani. Seriantaria hana; mwili wake unachongoka kwa chini, na nchani pana kitundu. Minyiri yake ni safu mbili, mirefu ya ukingoni na mifupi inayouzunguka mdomo. Kuta mpya za tumboni huota upande mmoja tu. Basi ni wa tawi gani? Vitabu humchora ndani ya Heksakoralia, kundi la anemoni na matumbawe magumu, bila kusita. Mimi nasita, maana tafiti za jeni zimepishana, na hata DNA ya mitokondria zake, vile vinu vya nishati ndani ya seli, ni ya ajabu: ile ya seriantaria mmoja, Isarachnanthus nocturnus, iliyochapishwa 2019, ina herufi za kijenetiki zaidi ya 80,000, wakati yetu binadamu haifiki 17,000.

Linaloniudhi ni hilo la shimo. Eti ameshindilia tope, akalipaka ute, basi. Tope lipo na ute upo, lakini kata kipande cha mrija, kichambue kwa sindano, kitie chini ya hadubini. Utaona nyuzi. Nyuzi juu ya nyuzi, zimesongamana kama sufi ya mto wa zamani, chembe za mchanga zimenaswa katikati. Kila uzi umefyatuka kutoka kifuko kimoja kidogo mno cha ngozi yake, tikosisti, ambacho hatujakiona kwa kundi jingine lolote la wanyama. Ni ndugu wa vifuko vinavyowasha vya yavuyavu, ila uzi huu hauna miiba wala haudungi, unanata. Silaha ya ukoo mzima, yeye kaifanya vazi!

Wala hafumi mara moja akamaliza. Mtoe, mlaze mchangani, ataanza kujivika upya. Kwa spishi kubwa mrija hufikia mita moja, kupita mbali urefu wa mwili, ndiyo maana ukimgusa anazama kufumba na kufumbua, nawe ukivuta unabaki na ala tupu, laini na telezi kwa ndani. Ikague ala hiyo kabla hujaitupa. Mara nyingine ukutani mwake wamejipachika Phoronis australis, minyoo wa baharini, kila mmoja na kashada kake keusi ka minyiri, wamepanga kwenye nyumba iliyofumwa na mwingine.