Hatamu ya kusuka: tia rangi kwanza, ndio usuke

Mafundi wengi wanaohamia kazi ya farasi kutoka kwa viatu na mikanda huniuliza swali moja kabla ya yote, hatamu ya kusuka inatiwa rangi kabla ama baada ya kusuka? Mimi najibu vile vile kila mara: rangi kwanza, ikauke, ngozi ipate mafuta, ndio usuke, na sisemi hivyo kwa mazoea tu, kuna sababu za maana kabisa na leo nataka nizieleze zote manake naona kazi nzuri sana ya mikono ikiharibikia hapo.

Angalia msuko kwa karibu. Kila uzi wa ngozi unapita juu ya mwenzake kisha unazama chini ya mwingine, kwa hivyo karibu nusu ya kila uzi imefichwa. Ukipaka rangi msuko ukiwa umeshakazwa inafika ile nusu inayoonekana peke yake. Sasa hatamu haikai tuli, mpanda farasi anavuta, analegeza, inanyeshewa, inakauka, nyuzi zinasogea kidogo kidogo na baada ya muda unaona mistari mieupe imejitokeza kila mahali nyuzi zinapopishana. Na hilo bado ni dogo. Kubwa ni kwamba rangi inajikusanya kwenye zile nafasi kati ya nyuzi, huwezi kuifikia na kitambaa uifute ile ya ziada, inakauka humo humo ikisubiri jasho.

Na jasho la farasi si la mchezo. Lina chumvi nyingi kuliko letu, halafu ndani yake kuna protini inaitwa latherini ambayo ndio inafanya lile povu jeupe unaloona shingoni mahali hatamu inasugua, kazi yake kwa mnyama ni kusaidia jasho lipenye manyoya na kuenea, lakini kwa ngozi iliyopakwa rangi vibaya povu hilo linanyanyua kila kitu ambacho hakikushika. Ukiona farasi mweupe ana mstari mweusi shingoni, ama mchezaji wa polo amemaliza mechi na suruali nyeupe imechafuka mapajani, ujue rangi ilikaa juu ya ngozi, haikuingia. Mara nyingi ni rangi ya viatu ya mkebe ndio ilitumika. Ile ni nzuri kwa kiatu, kwa hatamu hapana.

Lakini rangi nzuri inaanzia kwa ngozi yenyewe. Ukienda soko la Kariokor Nairobi ama popote ngozi inauzwa kwa futi, nyingi utakayopata imetengenezwa kwa kromu, ile dawa ya madini. Ni ngozi nzuri kwa mikoba na viatu, laini na haisumbuliwi sana na maji, ila kwa hatamu ya kusuka siipendi, inavutika mno, kingo zake huwezi kuzisugua zikafunga zikang'aa, na ile nyeusi nitakayoeleza hapa chini haishiki. Kuitambua si ngumu, kata kona kidogo uangalie katikati ya unene, kromu mara nyingi ina ubluu fulani wa kijivu, ile iliyotengenezwa kwa dawa ya magome ya miti ni ya udongo udongo mpaka ndani. Dondosha tone la maji, ya magome inalinywa na pale pale panakuwa peusi zaidi.

Hio ya magome ndio yetu, na tuna bahati manake dawa yenyewe inatoka huku huku. Ni miwati, ule mti asili yake Australia ulioletwa Afrika Mashariki kwa ajili ya magome, Eldoret ilikuwa na kiwanda chake miaka mingi na kule Njombe Tanzania kampuni ya TANWAT ilianzishwa 1949 kwa kazi hio hio. Magome yanatolewa tanini, ndio ile dawa ya kutengenezea ngozi, inakaushwa ikawa unga, na viwanda vya ngozi vya nje vinaujua kwa jina la mimosa. Mimi nikishika ngozi ya mimosa nasikia mkononi kabisa tofauti, ni nzito, ina uti.

Halafu kuna suala la sehemu gani ya ngozi. Kata kutoka mgongoni, sambamba na uti wa mgongo, kuelekea nyuma. Tumbo liache, tumbo linavutika kama chingamu na hatamu iliyokatwa hapo itarefuka upande mmoja mpaka farasi aanze kwenda kichwa kimepinda na saisi, yule mtunza farasi, alaumiwe bure. Hatamu mbili za jozi moja zikatwe zikiwa zimepakana, kanda ya kushoto na kanda ya kulia kutoka pale pale, ndio zivutike sawa miaka yote. Unene wa milimita 3 hadi 4 unatosha kwa sehemu nzima ya hatamu ile inayoshika lijamu, kile chuma cha mdomoni, lakini sehemu ya kusukwa unaipunguza mpaka kama milimita 2 ama chini kidogo, vinginevyo msuko unakuwa mnene na mkono wa mtu mdogo haufungi.

Hesabu ya urefu ndio inawasumbua wengi na kumbe iko wazi. Kwenye msuko bapa uliokazwa vizuri kila uzi unakwenda kwa pembe ya karibu digrii 45, kwa hivyo ili upate sentimita 70 za msuko unahitaji uzi wa mara 1.4 hivi, yaani karibu mita 1, ongeza sentimita 10 za kushika na kumalizia. Kwa hatamu ya kawaida napenda ukanda wa upana wa milimita 25, kichwa kinachoenda kwa lijamu nakiacha kizima kama sentimita 25 hivi, kisha nachana kuanzia hapo nyuzi 5 za milimita 5 kila mmoja. Ukimaliza kusuka upana unarudi karibu milimita 16 hadi 18, ambao ndio upana wa kawaida wa hatamu. Kabla ya kuchana lakini, lowesha ukanda, uvute kwa nguvu, uuache umening'inia na uzito usiku kucha. Ukivuta baada ya kuchana nyuzi zinapungua upana, kila mmoja kwa namna yake, na huna tena msuko uliolingana.

Kingo za kila uzi nazichonga kidogo upande wa nyama, ile pembe kali inaondoka. Hii hatua watu wanairuka manake inachosha, nyuzi 5 mara kingo 2 mara hatamu 2, lakini ndio siri ya msuko unaolala vizuri mkononi, nyuzi zikikutana pembe kwa pembe zinainuka zinakuwa na meno.

Sasa tufike kwa rangi, na hapa nitakaa kidogo.

Nyeusi ninayoiamini ni ya siki na chuma. Chukua waya ile laini ya kusugua sufuria, hakikisha ni chuma cha kawaida, ioshe kwanza kwa sabuni manake huja na mafuta, iweke kwa mtungi wa plastiki, jaza siki nyeupe. Kifuniko usikaze hata kidogo, chuma na siki vinatoa hewa ya haidrojeni na mtungi uliofungwa unaweza kupasuka, tena weka mbali na jiko. Baada ya wiki moja mbili chuma kimeliwa, chuja kwa kitambaa mara mbili mpaka usione chembe. Ukipaka kwenye ngozi ya magome unaona kwanza kijivu, halafu inakuwa bluu ya wino, halafu ndani ya dakika chache ni nyeusi kabisa, na ni nyeusi kwa sababu chuma kimeungana na tanini iliyo ndani ya ngozi. Hakuna rangi uliyoongeza juu, ni ngozi yenyewe imegeuka. Ndio maana kwa kromu haifanyi kazi, tanini haiko. Na ndio maana jasho halina cha kunyanyua.

Kama nyeusi imetoka dhaifu, ngozi ina tanini kidogo, basi chemsha chai ya rangi nzito, majani mengi sana bila sukari, iache ipoe, paka ngozi mara mbili, ikikauka kauka rudia siki. Majani ya chai yamejaa tanini na sisi tunayo ya kutosha.

Kuna jambo moja la kuangalia sana hapa. Asidi ya siki ikibaki ndani pamoja na chuma kingi, ngozi inakuja kukauka na kupasuka baada ya miaka. Kwa hivyo suuza kwa maji mengi, halafu maji yenye bekin soda kidogo, kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja, halafu suuza tena. Usitumie magadi, najua iko jikoni na ni rahisi, lakini ni kali mno kwa ngozi. Ngozi ikiwa bado ina unyevu kidogo ipe mafuta, yale ya kwato za ng'ombe ukiyapata, ama mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyushwa na nta ya nyuki kidogo. Mafuta ya kupikia hapana, yanaoza ndani ya ngozi na harufu haitoki. Oili ya injini nayo ndio kabisa, nimeiona kwa hatamu za watu na inaniuma, ile inaenda moja kwa moja kwa ngozi ya mnyama.

Kahawia ni hadithi nyingine. Ukitaka ya asali, paka mafuta kidogo na uache kanda juani, jua la Nanyuki pale kwenye ikweta linafanya kazi hio kwa siku chache bila rangi yoyote, geuza geuza tu zisichomeke upande mmoja. Ukitaka nzito zaidi tumia rangi ya spiriti, ila izimue, lowesha ngozi kidogo kwanza ndio isinywe kwa mabaka, na paka mikono mitatu myepesi badala ya mmoja mzito. Jaribu kwanza kwa kipande cha ngozi ile ile, si ya jirani yake. Kisha chukua kitambaa cheupe chenye maji ya chumvi, sugua, sugua tena, na usianze kusuka mpaka kitambaa kibaki cheupe. Mimi hapo sina huruma na mtu.

Nyekundu ndio naipenda kuliko zote na siwezi kuitaja bila kutaja Kano. Mafundi wa Kihausa kaskazini mwa Nigeria wametengeneza ngozi nyekundu ya mbuzi kwa karne nyingi, ngozi inatengenezwa kwa maganda ya mbegu za mgunga halafu wekundu unatoka kwa mtama fulani, na ngozi hizo zilivuka Sahara mpaka Ulaya zikauzwa kule kama ngozi za Moroko. Ukiona farasi wa sherehe za Sallah, yaani Idi, pale Kano na matandiko yao utaelewa kazi hii ina wenyewe hapa hapa Afrika. Mbuzi lakini ni wa mapambo na mafundo ya kumalizia, usimtegemee kwa uzi wa kuvuta.

Kusuka kwenyewe, baada ya yote hayo, ni starehe. Nyuzi ziwe na unyevu, zisiwe zimelowa, ziguse shavuni, ukisikia baridi bila maji basi ziko tayari. Kwa nyuzi 5 unachukua wa nje kulia, unapita juu ya mmoja, chini ya mmoja, unafika katikati, kisha wa nje kushoto vile vile, juu ya mmoja chini ya mmoja. Hakuna zaidi ya hapo. Ugumu uko kwa mkono: vuta uzi kuelekea kule unakokwenda, kwa ile pembe yake, usivute kushuka chini, na upande laini uangalie juu daima, uzi ukigeuka ukaonyesha upande wa nyama rudi nyuma ufumue. Hatamu moja uimalize kwa kikao kimoja ukiweza, mkono wa asubuhi na mkono wa jioni haukazi sawa. Vidoleni natumia sabuni ya kusukia, ambayo ni sabuni nyeupe ya kipande imekunwa na kuyeyushwa kwa maji kidogo ya moto, na mafuta ya ng'ombe uzito ule ule, koroga mpaka ipoe iwe nzito. Nyuzi zinateleza zinakaa, na mafuta yanabaki ndani ya msuko mahali ambapo hakuna kitambaa kitafika tena. Mwisho gonga taratibu kwa nyundo ya mbao, shona mwisho kwa sindano mbili na uzi wa kitani uliotiwa nta.

Nisuke nini na nisisuke nini? Hatamu, ukanda wa paji la uso, kifuani, sawa. Ukanda wa pua sawa pia, lakini utie ngozi laini kwa ndani manake mabonde ya msuko yanashika jasho na vumbi na mfupa wa pua hauna nyama ya kuukinga. Ukanda wa tumbo na ule wa kikuku cha kukanyagia hapana, pale uzito wa mtu mzima unaning'inia na ukichana ngozi kuwa nyuzi umeipunguzia nguvu, uzi mmoja ukikatika hujui mpaka uko chini.

Na vumbi tafadhali. Laikipia wakati wa kiangazi chembe za mchanga zinaingia kati ya nyuzi na zinakata kutoka ndani, nje hatamu inaonekana mzima kabisa. Saisi apewe mswaki mkuukuu, asugue mabonde kila baada ya kazi, afute kwa kitambaa chenye maji kidogo, aanike kivulini. Mara moja kwa wiki akunje hatamu pale inaposhika lijamu na pale msuko unapoanza, aangalie kama kuna mpasuko. Pakianza kupasuka hapo mpasuko wenyewe hauokolewi kwa gundi wala kwa kuushona, kata ile sentimita 25 ya mbele kabla msuko haujaanza, unga kipande kipya cha ngozi ya mgongo ile ile, ushone, na msuko wenyewe bado utakwenda miaka.